Selo Chini ya Mvua

Mukandoli anasema kamba ilikatika.

Anasema ilikatika kwa mlio uliomfanya mchungaji ainamishe kichwa, ikamchapa mpigaji wa gitaa shavuni, damu ikatiririka mpaka kwenye kola ya shati lake jeupe, na bado mtu yule hakuacha kupiga. Ndipo mke wa Musoni alipoinuka mbele ya ukumbi mzima, akafungua kitenge alichojifunga kichwani, akamfuta yule mwanamume damu, huku analia yeye na mwanamume halii.

"Bibi ya mutu!" Mukandoli humalizia, akijipiga paja. "Mbele ya batu ya Mbarara bote!"

Kwa miaka miwili hadithi hiyo ilikuwa imezunguka vijiji vya Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na kila msimu wa maharage iliongezewa kitu. Mwaka wa kwanza damu haikuwemo. Mwaka wa pili damu ikaingia, na kitenge. Alasiri ile ya Desemba 2013, wanawake wanne wakiwa wamekaa juu ya turubai wanachagua maharage, kitenge kilikuwa tayari kimepata rangi: cha njano, chenye maua.

Aliyekuwa akisemwa alikuwa amekaa palepale, miguu ameinyoosha, ungo mapajani. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Pale Juru kila mtu alimjua kama Nyirabizimana, mke wa Musoni, au Mama Anne. Jina alilopewa na wazazi wake huko milimani, Kivu ya Kusini, lilikuwa Uwera, na kwa miaka tisa hakuna aliyelitamka.

"Ao ninasema uongo, Mama Anne?" Mukandoli akamgeukia. "Sema wewe mwenyewe."

"Weye siku ile ulikuwa fasi gani, mama?"

"Nilikuwa inje. Nilibaki kuchunga masufuria ya kwaya."

"Basi ni masufuria yalikuhadithia."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akamwaga ungo. Hata Mukandoli akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa jambo linoge. Lakini hakupenda kushindwa. Akapuliza makapi ya maharage, akasema bila kumtazama mtu:

"Cheka tu. Huyo mutu wako wa gitaa kubwa, jina lake limetoka kwenye ubao asubuhi. Kanada. Basi linabeba batu siku ya tatu."

Mkono wa Uwera ukabaki ndani ya maharage. Hakuinua macho. Alihesabu pumzi tatu, akaendelea kuchagua, mabovu huku, mazima huku. Baadaye, alipoyatazama, aliona ameyachanganya yote.

*

Ukweli wa siku ile ya Mbarara ni huu.

Kwaya ya Juru ilialikwa na kanisa moja la mjini, mwezi wa Novemba 2011. Walipanda lori, wakala vumbi la barabara ya Masha mpaka nyusi zikawa nyekundu, wakafika wakajifuta kwa mate. Ukumbi ulikuwa wa mabati, mrefu, wenye madirisha yaliyopoteza vioo. Kwaya saba ziliimba. Kisha akasimamishwa mwanamume mmoja mwembamba, Grégoire, mkimbizi mwenzao, mtu wa Bukavu aliyekuwa akitengeneza redio kambini na kufundisha kwaya sauti kila Jumamosi. Mikononi alikuwa amekumbatia chombo ambacho wengi hawakuwahi kukiona: fidla kubwa, ya kimo cha mtoto wa shule, inayopigwa kwa upinde mtu akiwa amekaa nayo katikati ya magoti. Ilikuwa mali ya padri mmoja wa Mbarara. Grégoire aliiita selo. Alijifunza kuipiga utotoni, kwa mapadri, kabla dunia haijamtoa kwao.

Alipoziweka karatasi zake za noti kwenye kimti chake cha kuwekea karatasi, upepo wa madirishani ukazipeperusha. Akaziokota. Zikapeperuka tena. Watu wakaanza kucheka. Akawageukia wanawake wa Juru waliokuwa mstari wa mbele.

"Nani hapa anaweza kusimama saa nzima bila kusema?"

Wakamsukuma Uwera, kwa kicheko.

"Umesoma?" akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Primeri tu."

"Noti unajua?"

"Hapana."

"Haina neno. Shika karatasi zisiruke, na unitazame. Nikiinua kidevu, geuza."

Hiyo ndiyo kazi aliyopewa: kumtazama mwanamume. Hakuna ambaye angemlaumu, kwa kuwa aliagizwa mbele ya wachungaji watatu. Akasimama hatua moja tu kutoka kwake, akamtazama. Aliona kovu dogo chini ya sikio. Aliona vidole vya kushoto vilivyoota sugu ncha zake, na vya kulia vilivyoshika upinde kwa ulaini, kama mtu anavyoshika yai asilotaka kulinunua wala kulivunja.

Na sauti ilipotoka, Uwera alishtuka, kwa sababu haikuwa sauti ya chombo. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayebembeleza mgonjwa chumba cha pili, maneno husikii, lakini unajua anasema nini.

Kidevu kikainuka. Akageuza. Kikainuka tena. Akageuza.

Kisha mvua ikashuka.

Ilishuka yote kwa mpigo juu ya mabati yale, na selo ikazimwa kama kibatari. Watu wakatazama juu. Mchungaji akapunga mkono: acha, acha, tungoje. Grégoire akafumba macho, akaendelea. Upinde ulikwenda ukirudi, vidole vilipanda vikishuka, na hakuna aliyesikia hata chembe. Watu mia tatu walikaa wakitazama mtu anayefanya kazi isiyotoa sauti, na polepole, mmoja mmoja, wakaacha kunong'ona.

Uwera peke yake, mikono yake ikiwa juu ya kile kimti, aliisikia. Hakuisikia kwa masikio. Ilikuwa ikitetemeka ndani ya mti, ikipanda kwenye vidole, viganja, mpaka viwiko. Na pale, katikati ya kelele ile ya mvua, alimwona dada yake.

Alimwona kama alivyomwona mara ya mwisho: amelala chini ya migomba ya watu wasiowajua, siku mbili kabla ya mpaka, homa ya uzazi imemkausha midomo. Midomo ile ilikuwa ikisema kitu. Uwera alikuwa na miaka kumi na sita, ameinamisha sikio mpaka likagusa jino, na hakusikia. Walimzika haraka, bila wimbo. Mtoto mchanga akafungwa mgongoni kwa Uwera, wakaendelea kutembea.

Kwa miaka saba hakuwahi kumlilia. Hakuruhusiwa. Sasa akalia. Mikono ilikuwa imeshika karatasi, kwa hiyo hakujifuta. Aliacha machozi yashuke mpaka kwenye kola.

Mvua ya kule hukatika ghafla kama ilivyoanza. Ilipokatika, sauti ilikuwa bado ipo, katikati ya njia yake, kama mtu aliyekuwa akikungoja nje muda wote. Grégoire akaifikisha mwisho, upinde ukabaki hewani. Mtu wa nyuma ndiye aliyekumbuka kwanza kupiga makofi.

Hapakuwa na kamba iliyokatika. Hapakuwa na damu. Kilichotokea, na ambacho masufuria hayakukiona, ni kwamba karatasi ya mwisho Uwera hakuigeuza. Kidevu kiliinuka, yeye hakukiona. Grégoire alipiga kwa kukumbuka.

Mlangoni, watu wakikanyagana kupanda lori, alimfikia.

"Karatasi ya mwisho haukuigeuza."

"Unisamehe."

"Haina neno." Akasita. "Mama Anne, ni nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa."

"Ile nilipiga, niliipiga ku maziko ya mama yangu. Batu banalia juu ya uzuri, banalia na macho tu. Weye ulilia na mabega."

"Nimekuambia hakuna mutu alikufa," Uwera akasema, akapanda lori, akakaa akiwa ameipa Mbarara mgongo.

Tangu hapo, kila Jumamosi, Grégoire alipopita na baiskeli kwenda kufundisha kwaya, alisimama barabarani. Hakuingia uani hata mara moja. Ilikuwa nyumba ya mwanamume mwingine. Aliuliza neno moja tu, mikono ikiwa juu ya usukani:

"Umegeuza?"

"Bado," Uwera alijibu.

Naye akaondoka. Miaka miwili, neno moja la huyu, neno moja la yule. Kuna watu wameoana na hawajaambiana mengi kuliko hayo.

*

Siku hiyo ya maharage haikuwa Jumamosi, lakini baiskeli ilikuja. Wanawake walikuwa wameshatawanyika. Uwera alikuwa pembeni ya shamba, anakunja turubai, alipomwona anailaza baiskeli kwenye nyasi na kuvuka mtaro uliotenga barabara na shamba. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka.

"Nimekuja kuaga, Mama Anne."

"Nilisikia."

"Siku ya tatu."

"Nilisikia, nilisema."

Wakasimama. Yeye alitazama turubai, Uwera akatazama viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimepigwa rangi mpya kwa ajili ya nchi ya baridi.

"Kuko mutu atakupigia selo kule?" Uwera akauliza.

"Mimi ndiye mwenye kupigaka."

"Njo maana ninauliza. Weye atakupigia nani?"

Grégoire akacheka, kicheko kikakatika njiani. Akamtazama sasa, waziwazi, kama Uwera alivyoamriwa kumtazama yeye siku ile.

"Nijibu basi, ju sitapita tena. Umegeuza?"

Uwera akaiweka turubai chini.

"Uliniuliza nani alikufa. Alikufa Nyirabizimana."

"Nyirabizimana si weye?"

"Ni dada yangu. Alikufa njiani, akimwacha Anne ana siku tisa. Miye naitwa Uwera."

Akamweleza yote, amesimama, bila kupamba. Kwamba walipofika pale pa kupokelewa wageni, karani, Mganda mwenye kalamu mbili mfukoni, alimwuliza Musoni, "Wewe, mzee, bibi yako jina nani?" Na Musoni, aliyekuwa amemzika mke juzi, aliyekuwa hajalala wala kula, aliulizwa jina la mke akalitaja. Hakudanganya. Kinywa chake kilikuwa bado hakijaambiwa. Karani akainua macho, akaona msichana mrefu mwenye mtoto mgongoni, akaandika. Ilikuwa imekwisha. Wakapewa kadi ya watu watatu: baba, mama, mtoto. Na aliyefuata kwenye mstari akaambiwa kwa sauti kuwa atakayeshikwa kwa uongo anapoteza kadi na kila kitu.

"Hatukufanya hata kilio," Uwera akasema. "Utamwekea mutu kilio namna gani na jina lake linaitwa kila mwezi kwenye mstari wa posho, na linaitika? Miye ndiye niliyeitika."

"Na Musoni?"

"Analala chumba cha mbele, karibu ya mlango. Pazia hajawahi kulivuka. Miaka tisa. Ni shemeji yangu, Grégoire."

Grégoire aliondoka pale, akatembea mpaka mwisho wa shamba, akarudi. Alikuwa amekasirika kiasi kwamba sauti ilitoka nyembamba.

"Miaka mbili! Kila Jumamosi ninapita hapa, ninafika kanisani ninapiga magoti, ninaomba Mungu anisamehe juu ya bibi ya mutu. Kila Jumamosi! Na hakukuwa bibi ya mutu? Nilitubu bure?"

Uwera alitaka kucheka na akashindwa.

"Ju ya nini haukusema?"

"Anne anajua miye ndiye mama yake. Na kadi ikiharibika, inaharibika na yeye ndani."

Grégoire akachuchumaa, akaokota harage moja lililoanguka, akalizungusha vidoleni.

"Kesho asubuhi, mbele ya saa tatu, wananiita ofisini mara ya mwisho," akasema polepole. "Waliuliza kama kuko mutu ninaacha nyuma, bibi ao mchumba. Nilisema hakuna. Kesho ninaweza kusema yuko. Hautapanda lile basi, nisikudanganye. Lakini jina likiingia ndani ya faili, siku moja watakuita. Lisipoingia, haitawezekana tena." Akainua macho. "Shida ni jina gani. Siwezi kutaja bibi ya Musoni. Ni yeye anapashwa kuja, aseme na kinywa chake kwamba mke wake alikufa. Mutu mwingine hapana."

"Hajawahi kulisema hilo neno. Ata kwangu."

"Basi umwombe." Akasimama, akajipangusa magoti. Alipofika kwenye mtaro akageuka. "Uwera," akasema. Alilisema kwa uangalifu, kama anajaribu noti mpya ya kwanza. "Uwera."

Uwera alikuwa amesahau namna ya kuitika kwa jina lile.

*

Musoni alirudi kutoka kuuza maziwa Endiinzi jua likiwa bado juu ya kilima, madumu ya maziwa matupu yakigongana nyuma ya baiskeli. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye mvi za mapema, asiyependa maneno. Anne alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto. Musoni akakaa kwenye kibao chini ya baraza la mabati, Uwera akamletea maji ya kunawa miguu, kama kawaida.

"Nimekutana na Mukandoli njiani," akasema. "Leo kamba zilizokatika ni mbili."

"Kesho zitakuwa nne."

"Selo ina ngapi?"

"Nne."

"Basi atapumzika." Akanawa mguu wa kwanza. Kisha, bila kubadilisha sauti: "Na yule kijana, nilimwona anatoka shambani. Amepandisha baiskeli mlima kwa mguu na haina pancha."

Uwera akakaa chini, mgongo kwenye ukuta. Kwa miaka tisa alikuwa amemtazama mtu huyu. Alijua namna anavyosimama jina la Nyirabizimana linapoitwa kwenye mstari wa posho: hutazama chini, kama aliyedondosha kitu.

"Shemeji," akasema.

Mkono wa Musoni ukasimama ndani ya maji. Neno hilo lilikuwa halijasikika kwenye nyumba ile tangu walipopewa kadi. Mbele ya watu alikuwa Baba Anne. Wakiwa peke yao hakuwa na jina.

"Siku ile ya Mbarara," akasema Uwera, "si kwamba nilimlilia mpigaji. Nilimlilia dada."

Musoni akanawa mguu wa pili, taratibu mno, kidole kwa kidole.

"Ulimlilia vizuri?"

"Mpaka mwisho."

"Miye bado," akasema Musoni.

Uwera akamweleza maneno ya Grégoire: ofisi ya kesho, faili, na jina. Upande wa Endiinzi wingu lilikuwa limesimama, zito, likivuta giza mapema. Harufu ya udongo ilikuja kabla ya upepo.

"Watatuita mwezi wa pili, wale wa ofisi ya safari za ng'ambo," Musoni akasema hatimaye. "Wameandika watu watatu. Unajua."

"Najua."

"Nikisema, wanaweza kufunga faili. Anne atakaa hapa mpaka azeeke, anachagua maharage na Mukandoli."

"Najua, shemeji."

"Na Anne mwenyewe utamwambia nini?"

"Kwamba ana mama wawili, na mmoja tulimficha. Miye sitamwacha. Ata jina likiingia kwenye faili ya Grégoire, miaka itapita kabla hawajaita. Nitakuwa nimemlea. Lakini niwe mimi ndiye niliyemlea, si maiti."

Neno hilo la mwisho lilitoka kabla hajalizuia. Musoni akafumba macho, kama aliyepigwa na kamba ya Mukandoli. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kadi, ile aliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Akaiweka gotini. Karatasi ilikuwa imelainika kwenye mikunjo, lakini jina lilisomeka.

Matone ya kwanza yakagonga mabati juu ya vichwa vyao.

"Kesho mbele ya saa tatu," Uwera akasema haraka, kabla mvua haijafika. "Twende wote wawili. Mimi nitasimama karibu yako. Karani atauliza mke wako nani, na safari hii useme alikufa. Useme hivyo tu, shemeji. Tumzike. Utasema?"

Mvua ikashuka yote kwa mpigo.

Ilipiga mabati mpaka baraza likatetemeka, ikafuta barabara, ikafuta shamba na alama za magurudumu ya baiskeli. Uwera akamwona Musoni ameinama juu ya kadi, na midomo yake kama iliyosogea, au labda ni maji yaliyokuwa yakimtiririka usoni. Akainamisha sikio. Akaweka kiganja juu ya kibao alichokalia shemeji yake, vidole amevitandaza, akangoja, kama siku ile ya Mbarara, kuhisi kitu chochote kinachotetemeka ndani ya mti.